Mvinyo wa Zamani Ukigoma Mezani: Dalili, Visababishi na la Kufanya

Chupa ya Bordeaux ya Ufaransa ya mavuno ya 1982 au Barolo ya Italia ya 1989 haifunguliwi kila siku, ndiyo maana ikitoa harufu ngeni watu mezani hupoteza utulivu. Mwenye chupa hunyamaza kwa kuona haya. Mgeni mmoja hutamka kwamba mvinyo umeharibika, glasi zinasogezwa kando, na chupa inaishia kwenye sinki. Au huwa kinyume chake: mvinyo umekufa kweli, lakini kwa sababu ya umri na bei yake kila mtu anaunywa na kuusifia. Yote mawili yananiuma, kwa kuwa yote yanazuilika.

Kasoro halisi za mvinyo uliokomaa ni chache, na kila moja ina mwenendo wake ikikutana na hewa. Zipo zinazokimbia ndani ya robo saa. Zipo zinazozidi kukua. Zipo zisizotikisika hata ukisubiri mpaka asubuhi. Ukiujua mwenendo huo, pua ya kawaida inatosha, huhitaji cheti. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwenye dalili yoyote hapa chini, mimina kidogo, nusa mara moja kwa makini, kariri ulichonusa, kisha iache glasi ilivyo. Irudie baada ya dakika 5, halafu 15, halafu 30. Mnuso wa kwanza ndio wa kuaminika zaidi, maana pua huzoea harufu upesi na baada ya muda haikuambii tena yaliyomo.

## Kabla ya kufungua: chupa ina dalili zake

Angalia mvinyo umeishia wapi. Chupa ya Bordeaux ina mabega yaliyokatwa, kwa hiyo wauzaji huyatumia mabega hayo kama kipimo. Mvinyo wa miaka 30 ukiwa bado ndani ya shingo, umetunzwa vizuri sana. Ukiwa juu ya bega, ni kawaida kwa umri huo. Katikati ya bega hatari imeanza, na chini ya bega hewa imeingia kwa wingi, hivyo usilipe bei ya chupa nzima. Chupa ya Burgundy ina mabega yanayoteremka taratibu, basi hupimwa kwa sentimita kutoka chini ya kizibo. Sentimita 3 au 4 kwa chupa ya miaka 40 zisikutie hofu. Pinot Noir, zabibu nyekundu ya Burgundy, huvumilia upungufu kuliko watu wanavyodhani.

Halafu tazama kizibo. Kikiwa kimesukumwa juu hadi kuinua kofia ya chupa, au kofia hiyo inanatanata na ukiizungusha haizunguki, mvinyo ulipata joto. Mvinyo ukipashwa hutanuka, husukuma kizibo na kuvuja pembeni. Ukipoa hunywea na kuvuta hewa ndani. Ghala zuri lina nyuzi 10 hadi 14 za Selsiasi na unyevu wa karibu asilimia 70. Kontena lisilopozwa linalotoka Ulaya kupitia Suez na Bahari ya Shamu hadi Mombasa au Dar es Salaam halina nyuzi hizo, na duka lenye dirisha la jua halina pia. Mimi chupa iliyosukuma kizibo siinunui hata kwa nusu bei, isipokuwa ni Madeira, mvinyo wa kisiwa cha Ureno cha jina hilo, na sababu yake nitaieleza mbele.

Chupa ikipita mtihani huu, isimamishe wima kwa siku moja au mbili kabla ya kuifungua. Port (mvinyo mtamu wa Ureno) iliyotengenezwa kwa zabibu za mavuno ya mwaka mmoja tu na Barolo ya zamani zinastahili siku nyingi zaidi, kwa sababu mashapo yake ni laini na hushuka polepole.

## Kizibo kimevunjika, au kimeangukia ndani

Hii si kasoro ya mvinyo. Kizibo cha miaka 30 na kuendelea huwa kimelowa chini na kukauka juu, na kizibuo cha skrubu hukipasua. Tumia kizibuo chenye bamba mbili nyembamba zinazopenya pembeni kati ya kizibo na kioo, ukivuta huku unazungusha. Vipande vikianguka, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichosuuzwa kwa maji matupu, kisicho na manukato ya sabuni. Karatasi ya kuchujia kahawa iache, maana inaweza kuacha ladha yake.

Watu wengi wakiona vipande vinaelea husema mvinyo "una kizibo". Mvinyo wenye ugonjwa wa kizibo ni kitu kingine kabisa: umechafuliwa na kemikali, na hauonekani kwa macho.

## Hauna harufu yoyote

Dalili hii inapotosha kuliko zote, kwa kuwa visababishi vyake vinne havifanani hata kidogo, na dawa ya kimoja inaweza kuharibu kingine.

Anza na jepesi: baridi. Meursault, mvinyo mweupe wa Burgundy, iliyotoka kwenye friji la jikoni kwa nyuzi 5 haiwezi kutoa harufu. Kumbatia glasi kwa viganja, uiache ipande hadi nyuzi 12 au 13, kisha unuse tena. Jepesi la pili ni glasi yenyewe. Ikiwa ndogo na imejazwa hadi ukingoni, harufu haina mahali pa kukusanyika. Ijaze theluthi tu.

Kama si hayo, huenda mvinyo umejifunga. Mivinyo mingi mizuri ya Bordeaux, Burgundy na Rhône ya kaskazini hupitia kipindi ambacho matunda ya ujana yameondoka na harufu za ukomavu hazijafika. Hermitage nyeupe ni maarufu kwa tabia hii: hupendeza ikiwa na miaka mitatu minne, kisha hunyamaza, na huenda ikapita miaka kumi ndipo irudi. Utautambua mvinyo uliojifunga mdomoni. Pua haipati kitu, lakini ulimi unapata uzito, uchachu ulio hai, na ladha inayodumu baada ya kumeza. Huu upe jagi la kioo na saa mbili au tatu. Ukishindwa kufunguka leo, zile chupa nyingine za mwaka huohuo zirudishe ghalani.

Sababu ya nne ndiyo ya kusikitisha: ugonjwa wa kizibo kwa kiwango kidogo mno kisichonuka. Hapo mdomoni hakuna uzito wala urefu. Matunda yamefutwa, mwisho wake umekatika ghafla, na kinachobaki ni uchungu mkavu. Mvinyo uliojifunga ni mwili uliolala, na huu ni mifupa bila nyama. Hewa haiusaidii. Ukiwa na chupa ya pili ya mvinyo uleule, ilinganishe, na tofauti itajitokeza mara moja.

Tahadhari moja kuhusu jagi. Mvinyo wa miaka 40 na zaidi unaweza kutoa harufu yake yote ndani ya dakika ishirini kisha ukaisha. Burgundy ya umri huo siimimini kwenye jagi kabisa. Inatoka chupani na kuingia glasini. Barolo ya zamani iliyotengenezwa kwa njia za kale ni kinyume chake, inapenda kufunguliwa asubuhi kwa ajili ya jioni. Ukiwa na shaka, fungua mapema, onja kijiko kimoja, na uamue kwa ulichoonja, usiamue kwa mwaka uliochapwa kwenye lebo.

## Unanuka boksi la karatasi lililolowa

Dekio lililosahaulika kwenye ndoo, magazeti yaliyokaa unyevuni, stoo isiyopitisha hewa. Ukinusa hivyo, kuna mambo mawili ya kutofautisha kabla ya kukata tamaa.

La kwanza ni harufu ya kufungwa. Mvinyo uliokaa miaka 35 chini ya kizibo kimoja unaweza kutoka na ukungu fulani usiopendeza, na huo huondoka. Zungusha glasi, subiri dakika 15. Ukikuta sasa kuna waridi lililokauka, ngozi, uyoga na majani ya msituni, basi mvinyo ni mzima na umefika pazuri.

La pili ni ugonjwa wa kizibo wenyewe, na huo hukua kadiri dakika zinavyokwenda. Chanzo chake ni kuvu wanaoishi kwenye gome la mwaloni wa kizibo. Wakikutana na michanganyiko fulani yenye klorini hutengeneza kemikali iitwayo trikloroanisoli, maarufu kama TCA. Mwaka 1982 mkemia Hans Tanner na wenzake wa Uswisi walichapisha utafiti ulioionyesha kuwa ndiyo msababishi mkuu. Nanogramu chache tu katika lita zinatosha kuutambulisha. Na haitoki kwenye kizibo peke yake: mbao za ghala na mapipa yaliyowahi kupakwa dawa zenye klorini yamewahi kuambukiza mvinyo kabla haujaingia chupani, ndiyo maana wazalishaji wengi wameacha kusafishia maghala kwa klorini.

Kuna jambo linaloeleza kwa nini mvinyo wenye TCA huonekana umefifia kuliko harufu yenyewe inavyostahili. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba TCA hukandamiza ishara kwenye seli za kunusia. Kwa maneno mengine, mvinyo una harufu mbaya na wakati huohuo unakuzuia kunusa mazuri yaliyomo. Ndiyo sababu mtu mmoja mezani anaweza kuukataa kabisa na jirani yake akasema tu "mbona umepooza?" Wote wawili wako sahihi.

Kunusa kizibo chenyewe hakutoshi. Kizibo kinaweza kuwa na kuvu juu, upande wa nje, na mvinyo ukawa safi. Kinaweza pia kuwa safi kwa macho na pua huku mvinyo ukiwa umeathirika. Hukumu hutoka kwenye glasi. Na ule ujanja wa kutumbukiza karatasi ya plastiki kwenye jagi hunyonya sehemu ya TCA, lakini hunyonya na harufu nzuri pia. Kwa maoni yangu, mvinyo uliokwisha kupigwa na kizibo haurudi. Haudhuru afya, ila hauna tena kile ulichoulipia.

## Unanuka yai viza, kiberiti au mpira uliochomwa

Hii ni salfa, na mara nyingi ni habari njema. Mvinyo uliokosa hewa kwa muda mrefu, hasa Syrah ya Rhône ya kaskazini, hukusanya michanganyiko ya salfa. Umimine kwenye jagi kwa nguvu, uutikise, uache nusu saa. Harufu ya yai viza huwa ya kwanza kukimbia.

Ikibaki, chukua kipande safi cha shaba nyekundu, kizungushe kwenye glasi kwa sekunde chache, kisha kitoe. Shaba hukamata salfa nyingi. Kama hata hapo kuna harufu ya kabeji iliyochemka au kitunguu, salfa imekwisha kujiunga katika umbo ambalo shaba hailigusi, na hilo halina dawa mezani. Harufu nyepesi ya njiti ya kiberiti iliyozimwa kwenye Chardonnay ya Burgundy ni mtindo wa makusudi wa baadhi ya watengenezaji, na binafsi naipenda.

Champagne iliyokaa kwenye chupa ya kioo cheupe (kisicho na rangi) chini ya taa ya duka hupata harufu ya kabeji kwa sababu nyingine. Mwanga hugusa vitamini B2 iliyomo na kuzalisha salfa. Kioo cha kijani kibichi na cha kahawia hukinga, kioo cheupe hakikingi. Nunua chupa iliyokuwa ndani ya boksi lake.

## Umekuwa kahawia na unanuka tufaha lililobonyea

Hapa ndipo watu hukosea pande zote mbili, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Rangi peke yake haihukumu. Mvinyo mwekundu hufifia kadiri unavyozeeka, mweupe hukolea. Nebbiolo, zabibu ya Barolo, haina rangi nzito hata ikiwa changa, na ikifika miaka 15 ukingo wake huwa wa tofali huku mvinyo ukiwa bado na nguvu tele. Sauternes, mvinyo mtamu wa Bordeaux, hutoka dhahabu hadi kaharabu hadi kahawia ya chai, na Château d'Yquem ya rangi hiyo inaweza kuwa katika kilele chake. Tazama mng'ao. Mvinyo hai hung'aa hata ukiwa na rangi ya kahawia. Uliokufa huwa na ufifi, rangi yake imekufa katikati ya glasi na pembeni pia.

Sasa nusa. Tufaha lililobonyea, njugu zilizokaa wazi na kuchacha, asali isiyo na utamu: hiyo ni oksijeni. Mvinyo ulioliwa na oksijeni hauponi kwa hewa zaidi, na baada ya nusu saa utakuwa mbaya kuliko ulivyoanza. Burgundy nyeupe ina historia chungu hapa. Kuanzia mavuno ya katikati ya miaka ya 1990, hasa ya 1996, chupa za watengenezaji wakubwa zilianza kuwa kahawia zikiwa na miaka saba au minane, wakati zilitegemewa kudumu ishirini. Vizibo, salfa iliyopunguzwa na mashine mpya za kukamulia vyote vimetajwa kuwa chanzo, na huenda kila kimoja kilichangia. Baadhi walibadilisha vizibo. Domaine Leflaive ya Puligny-Montrachet ilihamia vizibo vya Diam, vilivyoundwa kwa chembe za kizibo zilizogandishwa pamoja, kuanzia mvuno wa 2014. Ukinunua Burgundy nyeupe ya mavuno ya 1996 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, jiandae kwamba chupa mbili za kreti moja zinaweza kutofautiana rangi kabisa.

Lakini kabla ya kumwaga, jiulize umeshika mvinyo gani. Vin jaune, mvinyo wa njano wa Jura mashariki mwa Ufaransa, hukaa kwenye pipa zaidi ya miaka sita, haijazwi tena inapopungua, na utando wa hamira hujitandaza juu yake. Chupa yake ya sentilita 62 hutoa harufu ya njugu, binzari na uwatu. Kiini cha harufu hiyo ni sotoloni, na ndiyo kemikali hiyohiyo inayoipa uwatu harufu yake, kwa hiyo aliyekulia kwenye jiko la Pwani ataitambua kabla ya mtaalamu wa Paris. Sotoloni imo pia kwenye Sherry ya zamani, Tokaji na Sauternes zilizokomaa. Rioja nyeupe ya López de Heredia, nyumba iliyoanzishwa Haro mwaka 1877, hukomazwa kwenye mapipa kwa miaka na hutoka na njugu na nta. Hizi zote hazina kasoro.

Madeira ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Zamani mapipa yake yalivuka tropiki kwa meli, yakapikwa na joto, na wafanyabiashara wakagundua yamerudi matamu zaidi kuliko yalivyoondoka. Leo hupashwa kwenye matangi kwa nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi isiyopungua mitatu, au zile bora huachwa kwenye dari zenye joto kwa miaka mingi. Ndiyo maana chupa ya Madeira haiogopi kontena, na ikishafunguliwa hukaa wiki nyingi bila kubadilika. Karameli na ganda la chungwa lililoungua ndani yake ni lengo la mtengenezaji. Harufu hizohizo ndani ya Volnay, Burgundy nyekundu, ni msiba.

## Siki, au dawa ya kufutia rangi ya kucha

Bakteria wakipata hewa hugeuza kileo kuwa asidi ya siki, na sehemu ya hiyo hugeuka kuwa kile kinukacho asetoni. Hewa glasini haiuondoi. Swali la kujiuliza ni la kiasi: je, siki imeufunika mvinyo, au imeuinua? Cheval Blanc ya 1947, moja ya Bordeaux zinazosifiwa kuliko zote za karne ya 20, inajulikana kuwa na asidi hiyo kwa kiwango ambacho shule ya leo ingeikataa. Mvuno ulikuwa wa joto kali na ghala halikuwa na mitambo ya kupoza. Barolo ya kale, Amarone na Sauternes hubeba kidogo bila kuumia. Ikikuchoma koo au ikibaki yenyewe baada ya kumeza, iache.

## Zizi, jasho la farasi, plasta ya kidonda

Hii ni hamira iitwayo Brettanomyces, mkaazi wa mapipa yasiyosafishwa ipasavyo. Wapo wanaoiona kuwa sehemu ya utu wa Rhône na Bordeaux za zamani, na kwa kiwango kidogo chenye ngozi na viungo nakubaliana nao. Plasta sikubaliani nayo kamwe, maana hapo Syrah na Cabernet zinanuka sawa na huwezi tena kujua shamba lilikuwa wapi. Upe mvinyo dakika 30. Harufu ya jumla ya wanyama ikipungua na matunda yakipanda, ilikuwa salfa au zabibu yenyewe. Mourvèdre ya Bandol, kwa mfano, ina unyama wake wa asili. Isipobadilika, ni hamira.

## Riesling inanuka mafuta ya taa

Ni sawa kabisa. Riesling, mvinyo mweupe wa Mosel au Rheingau huko Ujerumani, ikikomaa, viini vya rangi vilivyokuwa kwenye ganda la zabibu huvunjika na kuzaa mchanganyiko wenye harufu hiyo, na zabibu zilizopata jua jingi hutoa zaidi. Nusa nyuma yake utafute ndimu, asali na mawe yaliyolowa. Vikiwepo, furahi. Ukikuta Auslese (Riesling ya zabibu zilizoiva sana) ya miaka 30 haina utamu uliotarajia, nalo ni jambo la kawaida: sukari haijaenda popote, ila ulimi huihisi kidogo kadiri mvinyo unavyozeeka.

## Kuna mchanga, au vipande vinavyong'aa

Fuwele nyeupe chini ya kizibo au chini ya chupa ni chumvi ya asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi. Haina ladha mbaya wala madhara. Tope jekundu ni tanini (kile kinachokausha ulimi) na rangi zilizoshikana na kuzama. Lenyewe ni chungu, hivyo mimina polepole mbele ya mshumaa au tochi ya simu hadi utakapoona uzi mweusi unafika shingoni, kisha simama. Kiache kilichobaki kwenye chupa kwa moyo mkunjufu.

Mvinyo uliosimama siku mbili na bado ni mawingu, tena una mapovu yanayochoma ulimi, umechachuka upya ndani ya chupa. Huo umekwisha. Mapovu madogo kwenye Riesling changa hayamo katika kundi hili. Na Champagne ya miaka 40 iliyobaki na povu hafifu imefanya inavyotakiwa kufanya: nusa utafute kahawa, mkate uliobanikwa na uyoga.

## Unachoma, una ukakasi, hauna raha

Kwa wasomaji wa Pwani, hiki ndicho kisababishi namba moja cha mvinyo mzuri kulaumiwa. Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa "joto la chumba" ulizaliwa kwenye nyumba za Ulaya kabla ya kupasha vyumba joto kote, ambapo chumba kilikuwa na nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar es Salaam kina nyuzi 28 au 30. Kwa joto hilo kileo huruka juu, matunda huonekana yamepikwa, na mwenye chupa huamini kwamba imeharibika. Izamishe kwenye ndoo ya maji yenye barafu kwa dakika 15, mimina kidogo kidogo, na chupa irudi ndooni kati ya raundi.

Ukizidisha baridi, tanini hukaza na ukakasi huongezeka. Kama nyuzi ziko sawa na bado ulimi unakauka, tazama sahani. Nyama yenye mafuta hulainisha tanini. Pilipili huongeza moto wa kileo, na kachumbari ya ndimu au achari hufuta mvinyo wa miaka 30 wote kwa tonge moja. Viweke kando kwa mlo mwingine.

Upo ukakasi ambao hauponi. Bordeaux nyingi za 1975 zilikuwa na tanini ngumu mno, na katika baadhi yake matunda yaliisha kabla tanini hazijalainika. Kusubiri zaidi hakukusaidii, maana kinachopungua sasa ni kile kidogo kilichobaki.

## Kila kitu ni kizuri kupita kiasi

Mvinyo unaodaiwa kuwa na miaka 60 ukitoka na matunda mabichi, rangi ya zambarau na chupa isiyo na mashapo, shaka nyingine inaanza. Mwaka 2008 Laurent Ponsot wa Burgundy alizuia kuuzwa mnadani New York kwa chupa za Clos Saint-Denis zenye jina la familia yake na mwaka 1945, ilhali familia ilianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980. Aliyezileta, Rudy Kurniawan, alitiwa hatiani Desemba 2013 na mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Kizibo kipya peke yake hakithibitishi kitu, kwa kuwa baadhi ya nyumba za Bordeaux zimewahi kubadilisha vizibo vya chupa za wateja. Linganisha mwaka, jina la shamba na historia ya nyumba, kama alivyofanya Ponsot.

## Ukiamua kurudisha

Mgahawani, mwite mhudumu mapema: "Samahani kaka, hebu nusa hii, naona ina kizibo." Usinywe nusu kwanza. Dukani, hifadhi kizibo, acha mvinyo mwingi chupani, izibe, na upige picha ya ujazo na lebo siku hiyohiyo. Mnadani chupa za zamani kwa kawaida huuzwa jinsi zilivyo, hivyo omba picha za ujazo kabla ya kutoa bei. Na ukiwa na kreti, fungua chupa ya pili siku nyingine kabla ya kuilalamikia kreti nzima. Ugonjwa wa kizibo kwa kawaida hugusa chupa moja moja. Ukikuta kasoro ileile kwenye chupa ya pili na ya tatu, ulizia joto la ghala na safari, au usafi wa mahali ulipotengenezwa.